Maua Yaliyochanulia kwa Jirani

Tulikuwa mkekani nyumbani kwa Fikiri, hapa Ruangwa, asubuhi ya baada ya mazishi, wanawake tukichambua mchele wa wageni, pale binti mmoja wa jirani alipouliza, bila ubaya wowote, "Hivi marehemu bibi alizaliwa haoni?" Wenzake wakainua nyuso kutoka kwenye nyungo zao wakisubiri jibu. Ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemjua Shangazi Somoe kwa namna nyingine. Kwao alikuwa mama yake Fikiri, bibi kipofu wa nyuma ya msikiti aliyehamia hapa akiwa tayari haoni, aliyejua nani anapita kwa kusikia kandambili zake. Nilitaka kujibu kwa neno moja tu, hapana, lakini neno moja lisingetosha. Nikasema, "Alikuwa anaona, mwanangu. Alikuwa fundi cherehani. Mimi nilikuwepo mwaka macho yalipoondoka." Halafu sikuendelea, maana mambo ya mwaka ule hayasimuliki mtu akiwa na mchele mikononi. Nayaandika sasa.

Kwa nini nilipelekwa Nachingwea kukaa naye ni habari ya watu wazima wa wakati ule, na wengi wao wametangulia. Inatosha kusema nilikuwa msichana aliyemaliza shule, sina kazi, na Fikiri, mwanawe wa pekee, alikuwa shule ya bweni. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo ilikuwa nyumba yenyewe. Cherehani ilikaa dirishani. Ukutani kulikuwa na misumari yenye magauni ambayo hayajatiwa vifungo, yananing'inia kama wageni waliosimama kwa kukosa viti. Chini kulikuwa na kikapu cha mabaki ya vitambaa, na juu ya kabati redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani, ya pasi ya mkaa, na, ikifika saa ya chakula, ya kisamvu cha karanga. Kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilidhani ananifundisha kazi. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa akiona tundu.

Wateja walielewa kabla yangu. Siku moja nilikuwa jikoni nikiwasha mkaa, nikawasikia wanawake wawili barazani wakinong'ona juu ya gauni. "Tazama pindo, limekwenda upogo." Mwenzake akasema, "Nyamaza. Somoe huyu si wa kukosea pindo. Macho yake yanaondoka." Wakanyamaza waliponisikia, kisha wakaanza kusifu rangi ya kitambaa kwa sauti kubwa mno. Shangazi alikuwa sebuleni, mlango wazi. Alisikia kila neno, maana jioni ile alilifumua pindo lile akalishona upya, mimi nikimshikia taa karibu na mkono.

Tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alimpima muda mrefu, akamwambia ni presha ya macho. "Yaliyokwenda yamekwenda, mama," alisema. "Dawa hii ya matone itachelewesha yaliyobaki. Itachelewesha kwa muda gani, siwezi kukudanganya." Shangazi akauliza kama maneno hayo yana maana anayoifikiria. Daktari akasema ndiyo. Njia nzima ya kurudi alinishika mkono, na mara kwa mara alisimama kutazama vitu: genge la nyanya, mbuzi aliyepanda juu ya matofali, mtoto aliyebeba ndoo. Aliniambia anaona kama mtu anayechungulia ndani ya kopo lililotobolewa chini. Cha katikati anakiona vizuri, pembeni kote ni giza, na kopo linazidi kuwa jembamba.

Usiku huo tulikula ugali wa muhogo na mbaazi. Alikaa mahali pake pa siku zote, akiangalia dirisha, na dirisha liliangalia uzio wa jirani.

Sijawahi kuona uzio mbaya kama ule, na nimeishi miji mingi tangu hapo. Jirani yetu, Mzee Lukasi, alikuwa fundi wa magari, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache. Mwaka mmoja kabla sijafika, yeye na shangazi waligombana. Wateja wa shangazi walizoea kukatiza uani kwake, na siku moja gauni jeupe la harusi likapakwa oili iliyochakaa. Shangazi akamwambia Mzee Lukasi maneno ambayo watu wa mtaa bado walikuwa wakiyarudia kwa furaha nilipofika. Hakujibu. Alichofanya ni kukusanya alichokuwa nacho, milango ya magari mabovu, boneti, mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, akasimamisha uzio kutoka barabarani hadi kwenye choo. Mlango mmoja wa pikapu ulikuwa wa buluu, bado una kitasa. Mwingine ulikuwa na maandishi nusu, huwezi kujua gari lilikuwa linamtukuza nani. Kila kitu kilikuwa na kutu, na jua la mchana likipiga pale, mwanga wake ulichoma mpaka ndani ya sebule. Tangu hapo hawakusalimiana.

"Tatu," shangazi aliniita kwa jina usiku ule, mkono wake umebaki juu ya bakuli. "Kama yale mabati ndiyo kitu cha mwisho nitakachokiona duniani, nitazeeka nimenuna."

Nikamwambia tunaweza kuning'iniza pazia dirishani. Akacheka, cheko lake la kwanza tangu hospitali. "Pazia ninalo. Nataka kitu kilicho hai. Nataka ua huu uwe ua." Alipenda mchezo ule wa maneno, akaurudia kwa kila aliyefika, uzio kuwa ua moja la kuchanua, mpaka mtaa mzima ukajua kwamba Somoe anatafuta mimea ya kutambaa.

Wiki zilizofuata barazani hapakuzungumzwa kingine. Kila mteja alikuja na shauri lake, na shangazi aliyapokea mashauri kama anavyopokea vitambaa, akiyakunjua, akiyavuta kidogo kuona nguvu yake. Mwalimu mmoja alisifu bogenvilia. Shangazi akasema, "Nzuri, naijua. Lakini hiyo inataka miaka. Mimi sijaambiwa nina miaka." Mwingine akataja asumini, kwa ajili ya harufu. Shangazi alifikiri kidogo, akasema, "Harufu nitakuja kuipata hata baadaye. Sasa hivi nataka rangi." Mama Salma, aliyeuza ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, pale njia panda, akaapa kwamba hakuna kinachofunika haraka kama upupu, tena una maua ya zambarau ya kupendeza, tena mwizi hasogei. "Na mteja je?" shangazi akauliza. "Aje kupimwa gauni, arudi kwa mumewe anajikuna?" Baraza zima likaangua kicheko, Mama Salma mwenyewe akafuta machozi kwa kanga.

Mwishowe alichagua mitatu. Wa kwanza ulikuwa dodoki, kwa sababu linakua upesi, lina jani pana na ua la njano kubwa kama kikombe. Wa pili ulikuwa mmea wa porini ambao aliukumbuka tangu utoto wake Chiola, wenye ua dogo la buluu iliyokolea. Jina lake kwa Kimwera alilijua, kwa Kiswahili hakulijua, nami sijalijua mpaka leo. Wa tatu ulikuwa pasheni. Hapo nilimuuliza, maana pasheni nayo inachelewa. Akasema, "Tatu, nguo haishonwi kwa kitambaa cha mbele peke yake. Lazima kuwe na kinachobaki." Sikujua kama anazungumzia mmea au nini.

Mbegu tulizifuata wenyewe. Chiola tulifika kwa ndugu zake, wakatulisha wali wa mtama na kuku, na bibi mmoja aliyekuwa akizungumza Kimwera tu alitupeleka kwenye kichuguu ambako ule mmea wa buluu ulikuwa umekauka na kuacha maganda yake. Shangazi alipiga magoti, akayatafuta maganda kwa vidole zaidi ya macho, akazifunga mbegu kwenye pindo la kanga. Miche ya pasheni tuliipata hapa hapa Ruangwa, kwa rafiki yake wa ujanani, Mama Anjela, mitatu iliyokwisha kuota mirefu ndani ya makopo ya maziwa. Tulirudi nayo tumeipakata kama watoto wachanga.

Mvua za kwanza ziliponyesha, tukapanda. Shangazi alichukua kile kikapu cha mabaki, akararua vitambaa kuwa vipande vyembamba, akaviunganisha kwa mafundo, akavifunga kutoka kwenye vigingi vya chini hadi juu ya milango na boneti, ili mimea ipate njia ya kupanda. Ulikuwa uzio wa ajabu kabisa kwa majuma machache, kutu na mistari ya vitenge, hariri ya bandia, na sare za shule. Watoto walisimama barabarani kuuangalia. Kwa upande wa pili nyundo ya Mzee Lukasi ilinyamaza kidogo siku ile tulipokuwa tukifunga, kisha ikaendelea.

Kuna jambo la mwaka ule ambalo nikilisimulia watu hunitazama kama natia chumvi, kwa hiyo nitalisema kama lilivyotokea. Dodoki lilikuwa limefika kiunoni, na pasheni nayo imeanza kutoa vikono, zile nyuzi nyembamba za kijani zinazojinyoosha hewani kutafuta pa kushika. Shangazi alikuwa ameweka kigoda karibu sana, kama anavyokaa karibu na cherehani. Akaniambia nichukue kijiti nikisimamishe pembeni ya kikono kimoja, kiguse kidogo tu. Nikafanya hivyo, nikarudi jikoni kuendelea na ugali. Nilipoutoa ugali motoni aliniita, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Kile kikono kilikuwa kimepinda. Hakikuwa kimesukumwa na upepo, hewa ilikuwa imetulia. Ncha yake ilikuwa imekizunguka kijiti mzunguko mmoja, na tulipokuwa bado tumeinama pale, vichwa vyetu vinagusana, ukaanza mzunguko wa pili. Kuuona mwendo wenyewe huwezi, lakini ukitazama pembeni na kurudi, unakuta umesogea. Nilikuwa nimekulia katikati ya majani maisha yangu yote, nimeyang'oa, nimeyapika, nimeyalalia, na sikuwahi kujua kwamba yanatafuta.

"Hayana macho haya," shangazi alisema.

Ugali ulipoa, tukaula hivyo hivyo. Lakini kuanzia siku iliyofuata nilimwona akitembea ndani ya nyumba amefumba macho, mkono mbele, wakati bado alikuwa na uwezo wa kuona, akijifunza umbali wa kabati, kona ya meza, misumari ya magauni. Akijigonga alicheka. Nilimwacha. Leo nimeupita umri aliokuwa nao mwaka ule, na bado najiuliza alitoa wapi ujasiri wa kulizoea giza kabla halijafika.

Katikati ya masika uzio haukuonekana tena. Madodoki yalikuwa yamefunika mapipa yote, maua ya njano yakifunguka asubuhi mapema na nyuki kuyajaza mlio, na yale ya buluu yakipenya katikati kama vifungo. Sebule ilipata mwanga mwingine, wa kijani na wa ubaridi, na wateja waliokuja kupimwa walikaa mpaka adhuhuri. Shangazi alikuwa bado anashona mishono iliyonyooka, mimi nikimalizia mingine. Kila asubuhi kabla ya chai alisimama mbele ya uzio, akasogeza uso polepole kutoka ua hadi ua, kwa sababu ya lile kopo lake. Mtu aliyempita barabarani angedhani anasoma.

Halafu mvua zikakatika. Ningependa kusema kwamba yote yalidumu, lakini dodoki ni dodoki, likishazaa linakufa. Majani yakawa ya kahawia, yakapukutika, ule wa buluu nao ukakauka, na milango ya magari ikatokeza tena, mmoja mmoja, pamoja na vitambaa vyetu vilivyopauka. Pasheni peke yake ilibaki hai, kwa maji tuliyoogea. Majani yalikuwa mazuri, lakini hapakuwa na ua hata moja. Shangazi aliacha kusimama pale asubuhi. Kopo lilikuwa limekuwa tundu tu, alisema, kama tundu la sindano, na hakulalamika, ila alikuwa hamalizi chakula chake. Nilisikia usiku mmoja akimwambia Mungu, kwa Kimwera, neno ambalo nililielewa kuwa ni "moja." Alikuwa anaomba ua moja.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, asubuhi moja, saa ya watu kunywa chai, tulisikia sauti nzito kutoka ng'ambo ya uzio.

"Mama Fikiri!"

Shangazi aliweka kikombe chini. Tangu ugomvi ule, mtu yule hakuwahi kumwita. "Nani?"

"Mimi, Lukasi."

"Una shida gani?"

"Shida sina. Maua yako yapo huku kwangu."

"Kama yanakukera, yakate," shangazi akasema.

"Yangekuwa yananikera nisingekuita. Njoo uyaone."

Jua la asubuhi lilipiga upande wake. Pasheni ilikuwa imeujua upande ule siku nyingi, ikavuka juu ya boneti na kushuka kwake, huku sisi tukimwagilia mizizi na kutazama mgongo wake tu. Shangazi alijitanda kanga, akanishika bega, tukazunguka kwa barabarani mpaka kwenye lango la gereji yake. Mzee Lukasi alikuwa ametupokea kwa namna yake. Injini iliyokuwa imelala karibu na uzio ilikuwa imesogezwa, ardhi yenye oili imemwagiwa mchanga mkavu, na kiti cha gari, kile cha dereva, kimewekwa kuelekea mmea. Alisimama pembeni, kofia mkononi. "Juzi nilidhani ni makaratasi yamenasa," alisema. "Niliposogea, nikashindwa kurudi kwenye kazi."

Shangazi hakuketi. Alisogea hadi kope zake zikakaribia kuligusa ua. Sikuwa nimewahi kulitazama ua la pasheni, na nikatazama naye: petali nyeupe chini, juu yake duara la nyuzi nyembamba zilizojikunja, zambarau kwenye shina na nyeupe kwenye ncha, na katikati kijiti cha kijani kilichobeba vitu kama pini zenye vichwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Shangazi aliligeuza kwa kidole kimoja, taratibu, ili kila sehemu ipite kwenye lile tundu lake dogo la mwanga.

"Tatu," aliniuliza, "hizi nyuzi kazitia nani?"

Tulisimama watatu pale, gari lililokuwa wazi boneti nyuma yetu, na nikasikia kitu ambacho nimekisikia mara chache sana tangu hapo, hata katika nyumba za ibada: kwamba nimeingia mahali ambapo sikustahili kuingia na hakuna anayenifukuza.

Mzee Lukasi alikohoa. "Huu uzio niliusimamisha kwa hasira. Nitautoa leo."

"Thubutu," shangazi akasema, hajainua uso. "Ukiutoa, mmea huu utashika wapi?" Kisha, kwa sauti nyingine, "Na mimi nilisema kwa hasira, baba."

Hakuutoa. Alileta spana, akafungua nati za ule mlango wa buluu wa pikapu, akaupachika bawaba na kuutia grisi kitasa chake. Tangu siku hiyo shangazi alitoka sebuleni kwake, akashika kitasa, akapita ndani ya uzio kama mtu anayepanda gari, na kuketi kwenye kiti cha dereva. Ua la pasheni huishi siku moja tu, likifunguka asubuhi, jioni limekwisha jifunga, kwa hiyo kila siku alikuwa na la kwake jipya. Mzee Lukasi aligonga vyuma vyake upande wa pili wa gereji. Wakati mwingine alimpelekea chai. Mimi niliwatazama kupitia mlango ulioachwa wazi, mikono yangu kwenye cherehani, na kazi ikalala.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Niliamka, nikafagia, nikaingia chumbani kwake kuchukua ndoo. Alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, uso umeelekea dirishani. Jua lilikuwa limeingia chumba kizima na limelala juu ya mapaja yake.

"Tatu," aliniuliza, "kumekucha?"

Nilishika ndoo kwa mikono miwili. "Kumekucha, shangazi."

Aligeuza viganja vyake juu, akaviacha hivyo, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mtu mwingine, na nikaona vidole vyake vikijikunja kidogo juu ya ule mwanga.

"Ehee," alisema. "Nalisikia jua. Basi bandika chai."

Nikatoka kuwasha mkaa. Kiberiti kilinizimikia mara nyingi. Na nilipokuwa nimeinama pale, nikamsikia ndani akitafuta kandambili zake chini ya kitanda kwa miguu, akazipata, akasimama, akasema Alhamdulillahi kwa sauti yake ya siku zote.